Mtoto Tunampima, Mama Hatumwambii Kitu

Wadau, leo naongea na kuna watu watakasirika. Sawa tu.

Ushaona ile aina ya klipu inayozunguka kila baada ya muda? Msichana wa miaka 19, labda 20, yuko stendi au sokoni, mtoto mgongoni. Mtoto kakonda, nywele zimepauka, macho makubwa. Mtu kamrekodi kwa simu bila hata kuomba ruhusa. Sasa shuka kwenye komenti. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." "Wasichana wa siku hizi wanajua kuzaa tu." "Mama gani huyu?" Na ukiangalia picha za wanaoandika, ni sisi. Umri wetu huu huu. Watu ambao hawajui mtoto wa miezi minne anatakiwa afanye nini, wanamhukumu mtu ambaye pia hakuambiwa.

Mimi swali langu ni moja. Nani alimfundisha? Nitajie mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja ambapo huyo msichana aliketishwa chini akaambiwa: mtoto hukua hivi, ukiona hivi shtuka, ukiona hivi tulia. Shuleni? Shuleni tulichora mfumo wa uzazi, tukaweka majina, tukapata maksi, basi. Yai likishakutana na mbegu, somo limeisha. Kile kinachokuja baada ya miezi tisa hakikuwa kwenye mtihani.

Huku pwani hata tuna desturi ya kufunda. Bi harusi anawekwa ndani, anapewa somo, anafundishwa kuingia chumbani, kufukiza udi, kupaka liwa, kumpikia mume. Siku nzima nzima. Siipingi, ni yetu na ni nzuri. Lakini hebu nionyeshe somo aliyempa bi harusi saa moja tu ya kumwambia uzito wa mtoto unasomwaje. Tunamfunda mke, mama tunamwacha ajifunze kwa kubahatisha, na anayebahatishiwa ni mtoto.

Sasa tuweke namba mezani, nisionekane napiga domo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipata kwamba Kenya nzima watoto asilimia 18 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya kujirudia. Kilifi? Asilimia 37. Kaunti ya kwanza kwa ubaya nchi nzima. Mara mbili ya taifa. Chukua watoto watatu wa mtaa wako, Maweni, Kisumu Ndogo, Mtwapa, Mariakani, popote: mmoja na ushei kadumaa. Na kudumaa si urefu peke yake. Mwili unaokosa chakula miaka miwili ya mwanzo, ubongo nao unakosa, na baadaye darasani ndiyo tunasema "huyu kichwa ngumu".

Najua yule jamaa wa komenti anakuja: "Sisi watu wa huku ni wafupi kiasili." Bro, hiyo ilishajibiwa zamani. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto kama 8,500 wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Waliotafutwa ni watoto ambao mama zao walinyonyesha, hawavuti sigara, na nyumbani chakula na huduma vipo. Walikuta nini? Wanakua karibu sawasawa. Mtoto wa Accra, wa Maskati na wa Oslo, ukiwapa mwanzo mzuri, miaka mitano ya kwanza wanapanda pamoja. Ndiyo maana chati iliyo ndani ya kitabu cha kliniki cha Kenya ni ile ile ya dunia nzima. Kwa hiyo asilimia 37 si damu yetu. Ni kitu tunachokifanya, au tunachokiacha.

Kile kitabu cha kliniki nacho tukiongelee. Kila mjamzito anayeanza kliniki anapewa kitabu cha afya ya mama na mtoto. Kitabu kizuri, wallahi. Ndani kuna chati ya uzito, chati ya urefu, ratiba ya chanjo, hatua za ukuaji, hadi chakula cha kumpa mtoto kwa umri. Tatizo ni kwamba maandishi yake mengi ni Kiingereza, na kwa mama wengi kazi yake imekuwa kama kitambulisho: bila hicho huhudumiwi, basi unakifunga kwenye karatasi ya nailoni kisilowe. Hakuna anayekisoma na wewe.

Mwaka jana nilimsindikiza dadangu kliniki moja ya huku, siitaji. Tumefika saa moja asubuhi, benchi limejaa, nesi mmoja. Zamu ikifika, mtoto anavuliwa, anawekwa kwenye mzani, analia, namba inaandikwa, nukta inatiwa kwenye chati, sindano kama ipo, haya mwingine aje. Mama aliyekuwa mbele yetu akauliza, "Sista, yuko sawa?" Akajibiwa, "Mlishe vizuri." Vizuri ni nini? Mama akatoka na neno "vizuri" kama alivyoingia nalo. Simlaumu nesi, mtu mmoja na benchi lile anafanyaje? Namlaumu aliyepanga kwamba kazi inaishia kwenye kupima.

Nyumbani nikafungua kitabu cha dadangu. Miezi sita, kilo 7. Miezi saba, kilo 7. Miezi minane, kilo 7. Nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Si yuko imara, hajashuka hata gramu." Unaona? Kwake mstari uliolala ulikuwa habari njema. Kumbe mtoto akikaa miezi miwili mfululizo bila kuongezeka, hiyo ni kengele inalia. Ilichukua mama mmoja wa mtaani, mhamasishaji wa afya ya jamii, kukaa naye mkekani, kushika kidole chake na kukipitisha juu ya ule mstari: "Huu ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna kitu. Ukishuka, usingoje kesho." Dakika tano. Halafu akaomba aonyeshwe uji wa mtoto. Ulikuwa maji meupe, unga wa mahindi na sukari. Kuanzia jioni ile uji ukawa mzito, ukatiwa dagaa waliosagwa na tui la nazi. Pesa iliyoongezeka haikufika hata nauli ya tuktuk. Mwezi uliofuata nukta ikapanda.

Dakika tano hizo ndizo ninazozipigania hapa. Tulikuwa na mzani, chati na kitabu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama maana yake.

Na hapa ndipo roho inaniuma zaidi. Kilifi si mahali ambapo sayansi ya watoto haijafika. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kipo mjini Kilifi tangu 1989, na dunia nzima ya madaktari wa watoto inajua jina la mji wetu. Kuna hata kipimo cha ukuaji wa watoto kilichopewa jina letu, Kilifi Developmental Inventory, kilichoandikwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2008 na timu iliyoongozwa na Amina Abubakar, mtafiti wa hapa hapa Kenya. Kinaangalia jinsi mtoto wa miezi 6 hadi 35 anavyotumia mwili na mikono: anakaa, anasimama, anashika vitu. Kilitengenezwa kwa kuangalia watoto wetu, vitu vya nyumbani kwetu, si midoli ya Ulaya, na kimetumika katika nchi nyingine za Afrika pia. Yaani watafiti wa mbali wanatamka "Kilifi" wakitaka kujua kama mtoto anakua, na msichana wa Tezo aliyejifungua jana hajui mtoto wake akae akiwa na miezi mingapi. Siwalaumu watafiti, wao wamefanya kazi yao. Nawauliza wanaotakiwa kuchukua kile kinachojulikana na kukipeleka mlangoni kwa mama.

Pale ambapo elimu haijafika hapabaki wazi, panajazwa na kitu kingine. Kwetu kwa Mijikenda panajazwa na chirwa. Kama wewe si wa huku: mtoto akidhoofu, akikonda, wanasema ni chirwa, yaani mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa au kavunja mwiko. Na ukweli tuuseme, kidole kinamwelekea nani kwanza? Mama. Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Una miaka 19, mtoto kapungua. Ukimpeleka hospitali ni kama kutangaza kwa mtaa mzima kwamba wewe ni malaya. Utamficha. Utamfunika leso hadi usoni. Utaenda kwa mganga usiku. Na wakati mnatafuta nani alilala na nani, mtoto anataka maziwa na chakula kizito. Siongei kudharau wazee wetu. Chirwa ilikuwa namna ya watu kueleza jambo la kutisha kabla ya mzani kuwepo. Sasa mzani upo. Kuendelea kumshtaki mama uzinzi kwa sababu uji ulikuwa mwepesi, huo ni ukatili.

"Lakini nyanya zetu walilea bila vitabu." Kweli. Walilea wakiwa wengi. Mwanamke akijifungua alikaa ndani siku arubaini, wamemzunguka mama, shangazi, mkunga, majirani. Kila kitu alikiona kikifanywa kabla hajafanya yeye. Leo binti katoka Marafa kuja kufanya kazi Malindi mjini, anaishi chumba kimoja cha kupanga, jirani yake hamjui jina, mamake yuko mbali na salio limeisha. Ile shule ya uani imefungwa na hatukufungua nyingine. Halafu, kwa heshima zote, nyanya nao si kila kitu walikuwa sahihi. Maji ya sukari siku ya kwanza, uji miezi mitatu, dawa za kienyeji za tumbo kwa mtoto wa wiki moja: hayo yaliua watoto, ila hakuna aliyehesabu.

"Shida ni umaskini, si elimu." Hii ndiyo hoja nzito na sitaikimbia. Ukame ukipiga Ganze, Bamba huko, hakuna somo litakalojaza sufuria. Mama mwenyewe asipokula, tunamwambia nini? Serikali ilishe watu, nukta. Lakini sikilizeni. Malindi hii hii, mji wa samaki, kuna nyumba ambayo baba anarudi na samaki, watu wazima wanakula samaki, mtoto wa miezi minane anapewa uji mtupu kwa sababu "samaki ni mzito kwake". Hapo kilichokosekana si samaki. Kunyonyesha miezi sita bila hata tone la maji hakuuzwi dukani. Kumwongelesha mtoto ni bure.

Na kama unadhani kucheza na mtoto ni anasa ya matajiri, twende Jamaika kidogo. Kingston, mwaka 1986 na 1987, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, mitaa ya maskini kabisa. Baadhi ya familia zilitembelewa na mhudumu wa afya saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Kazi yake? Kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kumsemesha, kumsifu, kwa midoli iliyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye waliwatafuta. Wale waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Robo nzima! Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na kila siku naambiwa bila digrii sina maisha. Kumbe kuna elimu inaanza kabla hujaota jino, mwalimu wake ni mamako, na hakuna anayemlipia mwalimu huyo hata semina.

Haya, kwa vile hakuna aliyetufundisha, chukueni dakika mbili hapa. Pigeni picha, tumieni mtu.

Siku za kwanza mtoto hupungua uzito, hata sehemu moja ya kumi, halafu anaurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Mama wa kwanza asiyejua hili anaamini maziwa hayatoshi, anafungua mkebe, na kadiri mtoto anavyonyonya kidogo ndivyo maziwa yanavyopungua kweli. Kama wiki mbili zimepita na uzito haujarudi, nendeni kliniki.

Miezi miwili, anatabasamu ukimtabasamia. Kukaa bila kushikwa, wengine miezi minne, wengine tisa, wote wazima. Kutembea peke yake, kuanzia miezi minane hadi karibu 18. Kuna wasiotambaa kabisa na wanatembea vizuri tu. Kwa hiyo acheni kushindanisha watoto. Ila kama miezi tisa imepita hakai, au miezi 18 hatembei, au hageukii sauti, au alikuwa anafanya kitu halafu kikapotea, hapo usiambiwe "atafanya tu". Mpeleke.

Uzito hufika mara mbili ya ule wa kuzaliwa kwenye miezi mitano au sita, na mara tatu akifikisha mwaka. Lakini angalia mwelekeo wa mstari kuliko namba.

Miezi sita, chakula kianze, na kisiwe maji. Uji ukiuchota ubaki kwenye kijiko; ukitiririka, ni kinywaji. Tia kitu: dagaa, yai, kunde zilizopondwa, mchicha, tui.

Na ule utepe wa kupima mkono wa juu, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano: kijani ni sawa, njano ni tahadhari, nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni hospitali leo hii.

Sasa wenzangu wa kamera, ni zamu yetu. Mnapokea hela kuwaonyesha mama wadogo maziwa ya mkebe na vigari vya kumsimamisha mtoto. Mnajua Kenya ina sheria tangu 2012 inayokataza kutangaza maziwa ya kubadili ya mama? Mnajua Kanada ilipiga marufuku vile vigari mwaka 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanaumia navyo? Mama asiyefundishwa na mtu anafundishwa na wewe, na wewe umemuuzia.

Na nyinyi maboi. Wa bodaboda, wa bichi, wa Watamu, wa kijiweni. Najua mnasema huyu naye anaongea mambo ya wanawake. Hela ya dagaa iko mfukoni mwa nani? Nani anasema kliniki ni kupoteza siku? Ukiambiwa pikipiki ina shida ya plagi unajua mara moja. Chati ya mwanao ni rahisi kuliko plagi.

Ninachotaka si kikubwa. Kwanza, kila kliniki nukta ikitiwa, mama aambiwe kwa Kiswahili au Kigiriama: umepanda, umelala, au umeshuka, na afanye nini. Pili, kitabu kitafsiriwe, kisomwe redioni, kigeuzwe sauti fupi za simu, manake si kila mama anasoma. Tatu, kuna wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023 na mikoba yao ya vifaa. Wapewe orodha ya mama wa mara ya kwanza, wawafikie kabla ya kujifungua na wasiwaache baada ya sindano ya surua ya miezi tisa, pale ambapo wengi hupotea kliniki. Na walipwe kwa wakati, elfu tano kwa mwezi si hisani. Nne, mafunzo yasiwe ya mama peke yake. Nyanya akae, baba akae, kwa sababu ndio wanaoamua sufuria ina nini.

Mimi upande wangu, kila Jumanne kuanzia wiki ijayo, video ya dakika moja, Kiswahili cha mtaani, nesi mmoja na swali moja. Bila tangazo la mkebe.

Wewe upande wako, klipu ya msichana na mtoto mwembamba ikikufikia tena, usikomenti. Na kama una dada, mke, jirani, mtu yeyote mwenye mtoto mchanga, mpe sentensi hii aende nayo kliniki: "Sista, nionyeshe mstari wa mwanangu unaelekea wapi." Aulize, na asinyanyuke kwenye kile kiti mpaka ajibiwe.